Ukurasa wa kufanyia jaribio: shajara ya katuni yetu ya sayansi

Januari

Kazi imeanza. Tunatengeneza kijitabu cha katuni cha sayansi kwa Kiswahili, kurasa 16, kwa ajili ya watoto wa darasa la tano hadi kidato cha kwanza wanaokuja kusoma kwenye kona yetu ya vitabu hapa Morogoro. Wakubwa tuko wawili: mimi naandika, mwenzangu anachora. Yeye kazi yake ya kila siku ni mabango ya saluni na maduka, na mkono wake hautetemeki hata akichora akiwa juu ya ngazi. Wahariri ni watoto wenyewe. Tumekubaliana kwamba hakuna ukurasa utakaopelekwa kutolewa kopi kabla haujapita mikononi mwao.

Kilichonisukuma ni vitabu tulivyonavyo. Kwenye rafu kuna riwaya, hadithi za sungura na fisi, vitabu vya kiada vya miaka ya nyuma, na ensaiklopedia moja ya watoto ya Kiingereza iliyong'oka jalada. Ukitaka kujua mtoto anapenda nini, tazama kurasa zilizochakaa. Kitabu cha sayansi kiko safi karibu chote, isipokuwa kurasa chache zenye michoro: moyo uliopasuliwa, hatua za kipepeo, sayari na njia zake. Hapo karatasi imelainika, pembe zimejikunja, na kuna alama za vidole vilivyotoka kushika mihogo ya kukaanga. Ile ensaiklopedia, ambayo wengi wao hawamalizi sentensi moja bila kukwama, ndiyo inayogombewa kuliko kitabu kingine chochote. Wanaisoma kwa picha. Mmoja anaeleza, wenzake wanabisha, na ubishi wenyewe ni wa kisayansi kabisa: hili ni jino au ni pembe, huyu anaishi majini au nchi kavu, wewe umejuaje.

Nataka kijitabu kinachoanzia kwenye ubishi huo. Kumweleza mtoto sayansi ni nini, shule inafanya. Kumfanya ashindwe kulala kwa sababu ya swali, hilo ndilo tunalolitafuta.

Februari

Tumechagua hadithi ya kwanza: Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza aliyechunguza umeme na sumaku. Niliipima na nyingine kadhaa, na hii ikashinda kwa sababu vitabu vimo ndani yake tangu mwanzo. Hukutani na kitabu cha kupambia meza. Kitabu ni kazi ya mikono, ni mshahara, na ni mlango.

Faraday alizaliwa 1791 kusini mwa London, baba yake mhunzi ambaye afya yake ilikuwa mbovu. Shule aliyopata ilimfundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kidogo tu. Akiwa na miaka 13 akawa mtoto wa kutumwa kwa George Riebau, muuza vitabu na fundi wa kubaindi katika mtaa wa Blandford, na mwaka uliofuata, 1805, akaanza kujifunza ufundi huo kwa mkataba wa miaka saba. Vitabu vya wateja vililetwa vikiwa karatasi zisizoshonwa, yeye anavishona, na usiku anavisoma. Juzuu ya Encyclopaedia Britannica ilipita mikononi mwake, akakutana na makala ya umeme. Kisha akakutana na kitabu cha kemia cha Jane Marcet.

Hapa nikae kidogo, kwa maana bila mama huyu kijitabu chetu kisingekuwa na umbo kilicho nalo. Marcet alikuwa anahudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy kwenye Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, na mengi yakawa yanampita. Alipoyazungumza na rafiki yake baadaye, yakaanza kukaa. Basi akaandika kitabu chake, kilichotoka 1806 bila jina la mwandishi, kwa umbo lile lile lililomsaidia yeye: mazungumzo. Yupo mwalimu, wapo wasichana wawili, mmoja mtulivu na mmoja asiyekubali jambo kirahisi. Wanauliza, wanarudi nyuma, wanafanya jaribio, wanauliza tena. Kijana wa kubaindi vitabu akakisoma, akanunua vitu vidogo kwa senti alizoweza kubana, akajaribu mwenyewe aliyoyasoma. Akaona yanatokea kweli. Mwaka 1858, akiwa tayari mmoja wa wanasayansi wakubwa wa zama zake, aliandika barua kueleza kwamba kitabu hicho ndicho kilichompa nanga katika kemia, na kwamba alikuwa na desturi ya kumpelekea Marcet makala zake kama shukrani.

Mazungumzo, mtu anayebisha, na jaribio unaloweza kulifanya nyumbani. Hiyo ni katuni tayari. Inachokosa ni viputo vya maneno tu. Nimeamua kijitabu chetu kitakuwa na mambo hayo matatu, na lolote lisilotumikia mojawapo litatoka.

Machi

Mswada umekamilika. Kanuni tuliyojiwekea: kiputo kimoja, maneno yasiyozidi 15. Mchoraji ndiye aliyeidai, kwa kuwa anajua bango linavyosomwa na mtu aliye kwenye bodaboda. Nilidhani itanibana, kumbe imenisaidia kuona ni sentensi ngapi za vitabu vya sayansi zinazoweza kufa bila mtu kuzililia.

Msimulizi ni msichana wa darasa la sita na mdogo wake wa kiume anayebisha kila kitu. Wanapelekwa dukani kwa Riebau. Hatukutaka duka hilo liwe la kubuni tu, kwa hiyo tulikwenda kumtazama fundi mmoja wa kubaindi hapa mjini, mzee anayeshona misahafu iliyochakaa na daftari za ofisi. Mchoraji alikaa kwenye kigoda akachora kila chombo: jiwe la kukandamizia, sindano nene, uzi uliopitishwa kwenye nta, brashi ya gundi iliyokauka mpini, mbao mbili zenye skrubu za kubania mgongo wa kitabu. Mzee alitwambia vyombo hivyo havijabadilika tangu alipojifunza yeye kwa mwalimu wake. Tulimwomba atufundishe mshono rahisi wa kijitabu, akatufundisha palepale, hakutaka hata chai. Sikujua bado kwamba mshono huo ungekuja kutuokoa.

Jaribio ndilo lililochukua mjadala mrefu. Faraday alipendwa sana kwa mihadhara yake ya mshumaa aliyowapa vijana wakati wa Krismasi, na kuna kitendo kimoja humo kinachomvutia kila aliyekiona: unazima mshumaa, moshi mweupe unapanda, unaleta njiti ya kiberiti kwenye moshi, na moto unashuka kwa moshi ule hadi kwenye utambi bila njiti kuugusa. Ule moshi ni nta iliyogeuka mvuke na kuanza kuganda, na nta ndiyo inayowaka. Kwa katuni ni zawadi, fremu nne na umemaliza. Lakini watoto wetu wengi hushinda nyumbani na wadogo zao, mama yuko sokoni, na mimi sitachapa kitu kinachomwambia mtoto awashe moto peke yake. Mshumaa tumeuacha.

Tumechukua sumaku. Na hapo likazaliwa wazo ambalo sasa ndilo moyo wa mradi: ukurasa mmoja tuuache mtupu, mtoto aweke sumaku chini yake, amwage chembe za chuma juu yake, agonge kidogo kwa kidole, picha ijichore yenyewe. Ukurasa unakuwa maabara. Katika hadithi, Faraday anauliza nini kipo kwenye nafasi iliyo wazi kuzunguka sumaku. Fremu inayofuata haina kitu, na msomaji ndiye anayeijaza.

Aprili

Sumaku tumepata kwa fundi redio. Spika zilizokufa anazo kwenye gunia, na nyuma ya kila spika kuna sumaku ya duara yenye tundu katikati. Kuing'oa kunataka bisibisi na subira, maana imegandishwa kwa gundi kati ya vipande viwili vya chuma. Ametuachia kwa bei ya chuma chakavu.

Chembe za chuma zilikuwa tatizo zaidi. Vumbi la grenda la fundi wa kuchomelea linanata vizuri, ila lina vipande vikali na sipendi watoto walivute puani. Nilikuwa nawaza kukatakata waya wa kusugulia masufuria, na hapo mvulana mmoja wa darasa la tano akatuonyesha jambo ambalo, nilivyokuja kujua, watoto wa mtaani kwake wanalifanya kila masika.

Aliomba sumaku na mfuko wa plastiki. Akaitia sumaku ndani ya mfuko, akaenda kwenye mtaro ambapo mvua ya usiku ilikuwa imeacha mchanga, akautafuta mstari mweusi. Ukitazama mchanga uliopitiwa na maji utauona: mchanga wa kawaida unakuwa na rangi ya kahawia, na pembeni yake kuna ukanda mwembamba mweusi unaometa. Akaburuza mfuko juu ya ukanda huo taratibu. Ulipoinuka ulikuwa na manyoya meusi yaliyosimama. Akaupeleka juu ya kikombe, akaitoa sumaku kutoka ndani ya mfuko, na chembe zote zikadondoka kikombeni kwa mara moja. Mfuko ni wa hilo: bila mfuko chembe zinagandia sumaku na utazikwangua mpaka jioni.

Alirudia mara mbili kwenye kikombe kile kile, kila mara akitupa mchanga uliobaki chini. Mara ya pili zilibaki chembe nyeusi tupu, safi, zinazoteleza vidoleni.

Chembe hizo ni magnetaiti, madini yenye chuma kilichoungana na oksijeni, na zinatoka kwenye miamba ya milima inayomomonyoka polepole. Mbona zinajipanga peke yake pembeni? Kwa sababu ni nzito. Mchanga wa kawaida, ambao sehemu kubwa ni madini ya kwatzi, una uzito wa kama mara 2.65 ya maji ya ujazo uleule. Magnetaiti ni zaidi ya mara 5. Maji yanapopungua nguvu, yanabeba chepesi na kuacha kizito nyuma. Mvua imewafanyia watoto nusu ya kazi ya kuchambua.

Nimeandika upya kurasa mbili ili mvulana wa kwenye katuni afanye hivyo hivyo mtaroni. Hakuna kitabu cha kiada nilichokiona kikimwambia mtoto wa Kitanzania kwamba chuma kiko kwenye mchanga wa njia anayopita kwenda shule.

Aprili, mwishoni

Tumejaribu nakala ya kwanza, na pini za stepla zimetukataa. Pini ni za chuma. Ukiweka sumaku chini ya kijitabu, chembe zinakimbilia kwenye mgongo wa kitabu na kujikusanya kuzunguka pini, mchoro unaharibika upande mmoja.

Basi tukarudi kwenye mshono wa yule mzee. Karatasi nne za A4 zinakunjwa katikati, zinapachikwa moja ndani ya nyingine, kurasa 16 hizo. Unatoboa matundu matatu kwenye mkunjo. Sindano inaanzia ndani, inatokea nje kwa tundu la kati. Inapanda tundu la juu na kuingia ndani. Inaliruka la kati na kutokea nje kwa tundu la chini. Inarudi ndani kwa tundu la kati. Ncha mbili za uzi zinakutana ndani, moja kila upande wa uzi mrefu, unafunga fundo. Hakuna chuma hata kidogo.

Watoto wameupenda mshono huu kuliko nilivyotarajia. Wasichana wawili wa darasa la saba ndio wakufunzi sasa. Mmoja wao alisimama katikati ya kushona, akatazama ukurasa wa tatu ambapo Faraday amechorwa ameshika sindano, akasema, "Kumbe na huyu alianzia hapa hapa."

Mei

Uchapaji. Steshenari tunayoitumia inatoza shilingi 100 kwa kila upande wa karatasi, kwa hiyo kijitabu kimoja ni shilingi 800 kabla ya jalada na uzi. Tumechapa kidogo kidogo kadiri fedha inavyopatikana. Vitabu havitoki kwenye kona bure. Kila mtoto anayetaka chake anashona viwili, anachukua kimoja na kuacha kimoja.

Jalada limekuwa jambo la kujivunia. Mchoraji aliweka karatasi nyeupe juu ya sumaku, akamwaga chembe, akagonga mpaka mistari ikakaa, kisha akatoka nje na kopo lake la rangi ya kupuliza analotumia kwenye mabango. Akapuliza rangi nyeusi kwa mbali, wingu jembamba tu, ili upepo wa rangi usiziparaganye chembe. Rangi ilipokauka alizikung'uta. Kila mahali palipokuwa na chembe pamebaki peupe, mistari myeupe ikipinda kwenye weusi. Watoto wamekatazwa kushika kopo hilo, lakini wote walikuwepo kutazama. Faraday naye alikuwa na njia yake ya kuhifadhi michoro hiyo: alinasa chembe za chuma kwenye karatasi zilizopakwa nta, na baadhi ya karatasi hizo bado zipo.

Juni

Wiki za kusoma na kujaribu. Naandika niliyoyaona kabla hayajanipotea.

Wengi hawakusoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Walifungua, wakaufikia ukurasa mtupu, wakauliza huu ni wa nini, wakafanya jaribio, halafu ndipo wakarudi mwanzo kutafuta huyo mtu ni nani. Nilipanga hadithi impeleke mtoto kwenye jaribio. Wao wamepitia mlango wa nyuma. Sioni sababu ya kuwarekebisha.

Siku ya kwanza ubishi ulizuka mara moja. Sumaku yetu ikilala bapa chini ya ukurasa, chembe zinafanya duara lenye miale inayokwenda nje pande zote, na juu ya sumaku yenyewe zinasimama wima kama nywele. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza akaleta kitabu chake cha fizikia. Mle kuna mchoro wa sumaku ya mche, mistari inatoka ncha moja na kuzunguka hadi ncha ya pili. "Mwalimu, hii yetu haifanani na ya kitabuni. Nani muongo?" Kabla sijafungua mdomo, mdogo wake akaichukua sumaku akaisimamisha kwa ubavu, akaiegemeza kati ya vitabu viwili, akarudisha ukurasa juu yake. Chembe zikajipinda kutoka uso mmoja wa sumaku hadi uso wa pili, pinde ndani ya pinde, mfano wa ile ya kitabuni. Nyuso mbili bapa za sumaku ya spika ndizo ncha zake mbili. Sumaku ikilala unaitazama kutoka juu ya ncha. Ikisimama unaitazama kutoka ubavuni. Waligundua wenyewe. Mimi nilichofanya ni kuwaomba wachore zote mbili na kuandika chini ya kila mchoro sumaku ilikaaje.

Swali la pili lilitoka kwa mtoto mkimya anayekaa karibu na dirisha: kwa nini mistari haikatani hata mahali pamoja? Hilo ni swali zito. Nilimjibu kwa swali: ukiweka sindano ya dira hapo inapokatana, itaelekea wapi? Alifikiri, akasema haiwezi kuelekea kuwili. Ndiyo hivyo. Kila chembe ikikaribia sumaku inageuka sumaku ndogo, inashikana na jirani yake kichwa kwa mkia, na kila mahali kuna mwelekeo mmoja tu wa kufuata. Unapogonga karatasi unaipa chembe nafasi ya kuruka kidogo na kugeuka. Isipogongwa, karatasi inaikwamisha.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ninaloliamini kwa dhati. Faraday hakuwa na hisabati. Kazi zake kubwa hazina milinganyo. Alifikiri kwa mistari hii hii, akiichora, akiiona imejaa kwenye nafasi wazi. Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku inayosogea karibu na waya inazalisha umeme, jambo ambalo mitambo ya umeme ya Kidatu, hapa hapa mkoani kwetu, inalifanya mchana na usiku kwa nguvu ya maji. Mwanafizikia James Clerk Maxwell ndiye aliyekuja baadaye, katika miaka ya 1850 na 1860, akaigeuza mistari ya Faraday kuwa hisabati. Picha ilitangulia. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba katuni ni ngazi ya kupandia hadi vitabu vya kweli, sikubali. Sehemu kubwa ya sayansi imefikiriwa kwa kuchora, na mtoto anayechora mistari ya sumaku hajiandai kufanya sayansi, anaifanya.

Juni, siku nyingine

Yule msichana wa kidato cha kwanza alibaki baada ya wenzake kuondoka. Sayansi ya msingi aliisoma kwa Kiswahili na alikuwa wa kwanza darasani. Tangu Januari anasoma kwa Kiingereza na anasema anaelewa mchoro, haelewi maneno yaliyouzunguka. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujihukumu.

Nilimsimulia habari za William Kamkwamba wa Malawi, jirani zetu. Aliacha shule ya sekondari kwa kukosa ada, mwaka wa njaa kubwa, akiwa na miaka 14. Akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, na huko akakuta kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati, jaladani pamepangwa mashine za upepo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Alichofanya ni kuanza na michoro: anausoma mchoro mpaka anaushika, kisha anatafuta kwenye maandishi mahali mchoro huo unapotajwa, na maneno ya jirani anayapata kwa kamusi au kwa kuuliza. Kwa njia hiyo alijenga kinu cha upepo kwa baiskeli mbovu, feni ya trekta, mabomba ya plastiki aliyoyalainisha kwa moto akayanyoosha kuwa mapanga, na mnara wa mikaratusi. Taa ikawaka nyumbani kwao.

Tukachukua kitabu chake cha fizikia tukafanya ukurasa mmoja kwa mtindo huo. Mchoro kwanza, Kiswahili chake kwanza, halafu maneno ya kitabu yanaingizwa moja moja kwenye mchoro, kama majina ya watu unaowajua tayari kwa sura. Tulikwenda polepole sana. Ukurasa ulipokwisha aliomba tufanye mwingine.

Tumeamua kila toleo liwe na ukurasa wa mwisho wa namna hiyo: mchoro uleule wa katuni, ukiwa na istilahi za Kiingereza ambazo mtoto atakutana nazo sekondari. Si wa kukariri, ni wa kurudi kuutazama.

Julai

Mzazi mmoja alikuja. Salamu, habari za nyumbani, kisha: "Mwalimu, mimi nawaleta wasome, nakuta wanaangalia katuni na kuchezea mchanga." Sikumlaumu, ada anailipa kwa kubeba mizigo ya sokoni, na ana haki ya kujua watoto wake wanafanya nini. Nikamwomba akae, nikamwita mwanawe amfanyie baba yake jaribio. Mtoto alieleza kila hatua, pamoja na kwa nini mchanga mweusi hubaki nyuma maji yanapopita. Baba aliuliza kama mchanga wa mtoni kule kwao Kisaki nao unazo chembe hizo. Mwanawe hakujua, akasema itabidi waende na sumaku. Wameondoka na moja.

Mengine ya mwezi huu ni ya kawaida: uzi umekwisha na umenunuliwa, nakala za mkupuo wa pili zimetoka zimefifia na steshenari imezirudia bila malipo.

Agosti

Toleo la pili limeanza, na watoto ndio waliolichagua kwa kura: Erasto Mpemba. Hadithi yenyewe ni yetu na imeanzia kwenye aiskrimu. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, kisha wanayaingiza kwenye jokofu. Nafasi zilikuwa za kugombea. Alipoona mwenzake anawahi na maziwa ambayo hakuyachemsha, Mpemba akaingiza yake yakiwa moto. Saa moja na nusu baadaye yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alimuuliza mwalimu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipohamia sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena akachekwa, mwalimu akaiita fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Hakuliacha. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja shuleni kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akamuuliza mbele ya wote: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo sawa, vyombo sawa, kwa nini ya moto huganda kwanza? Osborne aliporudi chuoni swali likajaribiwa maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, Mpemba akiwa tayari anasomea wanyamapori katika chuo cha Mweka.

Ugumu wake kwa katuni ndio unaonipa hamu. Wanasayansi wangali wanabishana. Wapo wanaotaja mvuke unaopunguza maji ya moto, hewa iliyoyeyuka ndani yake, namna maji yanavyozunguka yakipoa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha kwamba hawakuona maji ya moto yakiganda kwanza, na kwamba kuhamisha kipimajoto kidogo tu juu au chini kunatosha kukupa jibu la uongo. Mchoraji aliuliza tutachora jibu gani kwenye fremu ya mwisho. Hatutachora jibu. Kurasa za 14 na 15 zitakuwa jedwali: saa ya kuingiza, saa ya kuganda, chombo gani, kimekaa upande gani wa friza, nani alikuwa shahidi. Mtoto anayepata maji ya baridi yakiganda kwanza ataandika hivyo hivyo, na anayepata kinyume ataandika alichokiona.

Maji tutayapasha vuguvugu tu, na mtu mzima ndiye atakayeyamimina. Yanayochemka hayashikwi na mtoto. Mama anayeuza barafu za ukwaju mtaa wa pili ametukubalia kona ya friza yake kila Jumatatu, biashara inapokuwa imelala. Kabla ya hapo mchoraji anakwenda kuichora ikiwa wazi, na mimi natafuta vipimajoto viwili vinavyosoma sawasawa.